Miguu ya Mbele ya Motokaa ya Zamani

Mtu aliyepata kusafiri nyuma ya lori katika barabara yenye mashimo ajua ya kuwa njia yote ni vita. Gurudumu laingia shimoni, latoka, lapanda jiwe, lashuka. Na kila pigo lilipatalo latafuta njia ya kupanda mpaka katika mifupa ya abiria. Kama gurudumu lingalifungwa katika bodi kwa bolti, pasipo kitu cho chote katikati, gari lingalivunjika kabla ya kufika mjini. Tena dereva asingaliweza kulipeleka atakako, kwa maana gurudumu lililorushwa hewani haliwezi kugeuza gari wala kulisimamisha. Jambo hili la mwisho ni kubwa kuliko raha ya abiria. Gurudumu hufanya kazi linapogusa ardhi tu.

Vyombo vilivyowekwa kati ya gurudumu na bodi, ili gurudumu lipande na kushuka bila kuiacha ardhi, mafundi huviita kwa neno moja, miguu. Na tutazame miguu ya mbele ya motokaa moja ya zamani, tuone jinsi ilivyoundwa na jinsi inavyochakaa, kisha tuone mwenye motokaa afanyeje akitaka kuifanya iwe bora kuliko ilivyotoka kiwandani.

Motokaa yenyewe huitwa MGB. Ilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza mwaka 1962, na iliundwa katika mji mdogo wa Abingdon, karibu na Oxford, huko Uingereza, mpaka mwezi wa Oktoba mwaka 1980 kiwanda kilipofunga kazi. Ziliundwa zaidi ya 500,000, na nyingi zilivuka bahari kwenda Marekani. Ni gari fupi, la chini, la watu 2, lenye turubai mahali pa paa. Tena mwaka 1965 iliongezwa aina yenye paa la chuma, iitwayo GT. Si gari la kubebea mizigo wala la kupitia matopeni. Liliundwa kwa mtu apendaye kuendesha, aonaye furaha katika kona na mlima, na ambaye hakuwa na fedha za kununua motokaa za matajiri. Hata leo maelfu yake yangali barabarani, yakitunzwa na watu ambao wengine wao hawakuwa wamezaliwa wakati kiwanda kilipofungwa.

Hapa pana jambo linalotaka kuangaliwa sana. Tangu mwezi wa Mei mwaka 2018 sheria ya Uingereza yasema ya kuwa gari lililotimiza miaka 40, ambalo halikugeuzwa sana umbo lake, halilazimiki tena kupelekwa kila mwaka kwa mkaguzi. MGB ya mwisho ilitimiza umri huo mwaka 2020. Basi leo MGB yo yote yaweza kuendeshwa mwaka hata mwaka pasipo mkaguzi kuishika magurudumu na kuyatikisa. Lakini sheria haikumwondolea mwenyewe daraka la kuiweka motokaa yake katika hali ya usalama. Jicho la mkaguzi limeondoka, na jicho la mwenye gari halina budi kukaa mahali pake. Kama hajui atazame nini, atakwenda kwa mwendo wa maili 60 kwa saa juu ya vyuma asivyovijua hali yake.

Sasa tuingie chini ya motokaa. MGB haina fremu ya chuma chini yake kama lori. Bodi lenyewe ndilo uti wa mgongo. Lakini mbele, chini ya injini, kuna boriti nene ya chuma iliyokingama toka upande mmoja hata wa pili, imefungwa katika bodi kwa bolti 4, na mpira umetiwa katikati ili kupunguza ngurumo. Boriti hii yabeba miguu yote ya mbele. Fundi akitaka aweza kuifungua na kuivuta nje pamoja na miguu yake.

Kutoka katika boriti, kila upande, hutokea mikono 2 ya chini. Mikono hiyo imeachana penye boriti na kukutana penye gurudumu, mfano wa panda ya manati. Katikati yake imefungwa sahani ya chuma, na juu ya sahani imekaa springi nene iliyoviringika, ambayo kichwa chake chasukuma boriti. Gurudumu likipanda, mikono yapanda nayo, na springi yabanwa. Likishuka, springi yanyoka.

Penye ncha ya mikono husimama mhimili wa chuma, mnene kama kidole gumba au zaidi, uitwao kingipini. Gurudumu lageuka kulia na kushoto kwa kuuzunguka mhimili huo, kama mlango unavyozunguka katika bawaba zake. Ndani yake mna bushi za shaba, na kila upande una vichuchu 3 vya kupokelea grisi. Kitabu cha kiwanda chaagiza grisi itiwe kila baada ya maili 3,000. Agizo hilo ni jepesi na bei yake ni ndogo, wala sijui agizo jingine ambalo limesahauliwa zaidi.

Na juu ya kingipini je? Hapa ndipo penye werevu wa motokaa hii, na pia udhaifu wake. Katika magari mengi ya leo kuna mkono wa juu, na shokapu imesimama peke yake mfano wa bomba la kupulizia baiskeli. Katika MGB shokapu yenyewe ndiyo mkono wa juu. Ni kisanduku cha chuma kilichojaa mafuta, kimefungwa juu ya boriti kwa bolti 4, na kutoka ndani yake hutoka mikono inayokishika kichwa cha kingipini. Kitu kimoja chafanya kazi mbili.

Lakini shokapu ni nini? Wengi hudhani ya kuwa ndiyo ibebayo gari, nayo siyo. Ibebayo ni springi. Springi ina ila moja: ikibanwa na kuachwa, hairudi mahali pake na kutulia, bali hupita kiasi, ikarudi, ikapita tena, kama mtoto aliye katika pembea. Gari lenye springi bila shokapu lingecheza ngoma barabarani, na kila linaporuka magurudumu yangepoteza nguvu ya kushika ardhi. Ndani ya kisanduku cha shokapu mna pistoni zinazosukuma mafuta yapite katika tundu nyembamba. Mafuta hayapendi kupita upesi, basi huzuia mchezo ule, na nguvu ya pigo hugeuka kuwa joto. Baada ya safari ndefu katika njia mbaya, ukiishika shokapu utaiona ina moto.

Mpango huu una nasaba ndefu. Asili yake ni kazi ya Alec Issigonis, mzaliwa wa Smyrna, ambaye baadaye alijulikana dunia nzima kwa ajili ya gari dogo liitwalo Mini la mwaka 1959. Miguu aliyoibuni kabla ya Vita vya Pili vya Dunia ilitokea barabarani mwaka 1947 katika MG ya aina ya Y, na kutoka huko ikarithiwa na TD, kisha na MGA ya mwaka 1955, mwisho na MGB. Kwa hiyo mtu anunuaye leo MGB ya mwaka 1980 ananunua miguu ya mbele iliyofikiriwa zaidi ya miaka 40 kabla ya gari lenyewe kuundwa. Siyo aibu. Kitu kisichokuwa kizuri hakiishi siku nyingi namna hiyo.

Basi mwenye MGB asema, “Motokaa yangu haishiki kona vema. Usukani wake unatangatanga, na ninapofunga breki yavuta upande. Nitanunua springi fupi na ngumu, na shokapu mpya za kisasa.” Na maduka ya vyuma vya motokaa za zamani ni mengi huko Uingereza na Marekani, fedha yake itapokewa kwa furaha. Lakini asipopima kwanza, huenda atakuwa amenunua mwanzo wa ajali. Springi ngumu hupeleka mapigo makali zaidi katika kila kiungo kilicho karibu nayo. Kingipini iliyolegea, ambayo ingedumu mwaka mmoja zaidi chini ya springi laini, yaweza kuchakaa upesi sana chini ya springi ngumu. Mwenye nyumba ambayo nguzo zake zimeliwa na mchwa hapandishi dari ya zege juu yake.

Kupima kwenyewe si kazi ngumu. Gari lainuliwa kwa jeki na kuwekwa juu ya vigoda imara vya chuma, gurudumu likining'inia. Mtu huweka mkono mmoja juu ya gurudumu na mmoja chini yake, kisha husukuma na kuvuta kwa zamu. Kama gurudumu lacheza, kuna kitu kilicholegea; lakini ni kitu gani? Hapo mwenzake hukanyaga breki kwa nguvu. Breki ikishika, gurudumu na kitovu chake huwa kama kitu kimoja. Mchezo ukikoma, ulikuwa katika beringi za gurudumu, na hizo huenda zataka kukazwa tu. Mchezo ukibaki, ni kingipini au bushi zake. Kisha huweka mikono kushoto na kulia mwa gurudumu na kutikisa tena, apate kujua hali ya viungo vya usukani. Baada ya hayo gari hushushwa, na mtu hukandamiza pembe yake moja kwa uzito wake wote, akaiachia ghafula. Ikipanda mara moja na kutulia, shokapu ni nzima. Ikicheza mara mbili au tatu, mafuta yake yamepungua, au valvu zake zimekwisha.

Kingipini iliyokwisha hutolewa, na bushi mpya za shaba hutiwa na kukwanguliwa kwa kipimo. Kazi hii huachiwa fundi mwenye kifaa chake, kwa maana bushi ikibana mno, usukani huwa mzito wala haurudi wenyewe baada ya kona. Kazi hii haionekani kwa nje, wala hakuna jirani atakayeisifu. Lakini mtu aliyekuwa akiendesha MGB yenye kingipini mbovu, siku ya kwanza baada ya kutengenezwa, hudhani amepewa gari jingine.

Baada ya kingipini zaja bushi za mikono ya chini, na hapa ndipo pa kuanza kuboresha kweli. Katika MGB za kawaida kila mkono wa chini, mahali unaposhika boriti, umetiwa bushi 2 za mpira mtupu, nusu kwa nusu. Jumla yake ni 8. Mafuta ya injini yakivuja juu yake, huvimba na kuwa laini kama ndizi mbivu. Mkono hucheza mbele na nyuma, na ndiyo sababu gari huvuta upande breki zifungwapo. Sasa, kati ya mwaka 1973 na 1976 kiwanda kiliunda MGB GT chache zenye injini kubwa ya silinda 8. Kwa ajili ya uzito na nguvu za gari hilo zilifanywa bushi nyingine, ngumu zaidi: mpira mmoja mzima wenye bomba dogo la chuma katikati. Ni 4 tu kwa gari zima, nazo zaingia katika mikono ya MGB yo yote. Hakuna badiliko jingine lenye faida kubwa namna hii kwa bei ndogo namna hii. Wengine hupenda bushi za poliyurethani, ambazo ni ngumu kuliko mpira. Hizo zafaa katika uwanja wa mashindano. Barabarani hulia kama mlango wa ghala, na kila kokoto hujulikana na dereva.

Bushi zile za chuma na mpira zina sharti moja ambalo wengi hulikosa. Nati ikikazwa, bomba la katikati halizunguki tena. Mkono ukipanda na kushuka, mpira ndio unaojisokota. Mtu akikaza nati wakati magurudumu yananing'inia, kisha akashusha gari chini, mpira utakaa umesokotwa siku zote, hata gari likiwa limelala gerejini, nao utapasuka kabla ya wakati wake. Haina budi gari lisimame kwa magurudumu yake, libebe uzito wake, ndipo nati zikazwe.

Katika habari ya shokapu watu hawapatani. Wengine huitupa ile ya zamani na kufunga mikono mipya kabisa ya juu, pamoja na springi na shokapu za bomba zilizo kitu kimoja. Kazi hiyo ni nzuri ikifanywa vema, lakini ni ghali, na tena yaligeuza gari kuwa kitu kingine. Mwenyewe na asome sheria kwanza. Wengine hununua vifaa vya bei ya kati: huiacha shokapu ya zamani mahali pake, huondoa valvu yake isizuie tena, na kufunga shokapu ya bomba pembeni. Hapa msomaji na akumbuke tuliyosema, ya kuwa shokapu ile ndiyo mkono wa juu. Ikiwa mhimili wake umelegea, hata ikitolewa valvu, kulegea kungalipo, na kichwa cha kingipini kitaendelea kutangatanga. Fedha imetumika, na ugonjwa umebaki. Mimi naona ya kuwa kwa mtu aendeshaye barabarani tu, shokapu ya zamani iliyofanywa upya na fundi ajuaye kazi, ikajazwa mafuta yake, yatosha.

Limebaki jambo la kuinama. Gari likikata kona ya kushoto, bodi huelemea kulia. Kulizuia, ufito wa chuma cha pua hukingamishwa kutoka mkono wa chini wa kulia hata wa kushoto. Magurudumu yote mawili yakipanda pamoja, ufito huzunguka tu bila kuzuia kitu. Likipanda moja peke yake, ufito husokotwa, nao hukataa. Mwishoni mwa mwaka 1974 motokaa hii ilipatwa na mashaka. Sheria za Marekani zilitaka bampa na taa ziwe katika kimo fulani, basi kiwanda kikaiinua motokaa yote kama inchi 1 na nusu na kuitia bampa kubwa za mpira mweusi. Tena, ili kupunguza gharama, ufito huo ukaacha kutiwa kiwandani ila kwa mnunuzi aliyeuagiza. Gari liliinuliwa na fimbo yake ikaondolewa siku zile zile! Wanunuzi waliona tofauti katika kona ya kwanza. Katika magari ya mwaka 1977 kosa lilirekebishwa: ufito ulirudi mbele ukiwa mnene zaidi, na mwingine ukatiwa nyuma.

Kwa hiyo mwenye MGB ya miaka ile huanza kwa kuurudisha ufito. Lakini awe mnene kiasi gani? Nguvu ya ufito haikui sawasawa na unene wake. Hukua kwa unene uliozidishwa kwa wenyewe mara nne. Chukua ufito wa thumni 5 za inchi, na mwingine wa thumni 6. Fanya hesabu: 5 × 5 × 5 × 5 ni 625, 6 × 6 × 6 × 6 ni 1,296. Thumni moja tu ya inchi imeongezwa, ambayo jicho halioni kwa urahisi, na ugumu umezidi mara mbili. Mtu asiyejua hesabu hii hununua mnene kuliko wote walio dukani. Kisha siku ya mvua hugeuza usukani katika kona, na magurudumu ya mbele hayashiki. Gari laendelea moja kwa moja kuelekea shimoni. Thumni 6 zatosha barabara.

Springi fupi, zishushazo gari kama inchi 1, huja mwisho. Nazo huleta hatari kwa yeye azifungaye. Springi iliyo mahali pake imebanwa kwa uzito wa kilo mia kadhaa. Ikifunguliwa ovyo huruka, na mtu aliye mbele yake huvunjika taya au hufa. Bodi liwe juu ya vigoda, wala si juu ya jeki peke yake. Jeki nyingine iwekwe chini ya sahani ya springi. Ndipo bolti ya juu ya kingipini itolewe, na jeki iteremshwe polepole mpaka springi imalize nguvu zake zote. Mikono, kichwa na uso vikae mbali.

Kila kitu kikiisha kufungwa, magurudumu ya mbele hupimwa. Hayatakiwi kwenda sambamba kabisa. Ncha zao za mbele zaelekeana kidogo, kwa kadiri ya inchi 1/16 hivi. Wakati wa kubadili vyuma kipimo hiki hupotea, na asiyekipima tena ataona tairi zake mpya zimelika upande mmoja kabla ya miezi michache kupita.

Ndipo mwenyewe huitoa motokaa yake nje asubuhi, barabara ikiwa tupu. Huenda polepole maili chache, hufunga breki mara mbili tatu, husikiliza. Kisha hurudi nyumbani, huchukua spana, na kujaribu kila nati tena, kwa sababu mpira mpya hujikalisha, na nati iliyokazwa jana yaweza kukubali robo ya mzunguko leo.